Nani Aliyeziokoa Gemu za N-Gage?

Tarehe 7 Oktoba 2003 Nokia, kampuni ya Finland iliyokuwa inaongoza duniani kwa kuuza simu, ilileta sokoni kifaa kilichoitwa N-Gage. Kilikuwa simu na mashine ya gemu kwa pamoja, na Marekani kiliuzwa dola 299. Baada ya miaka mitatu habari yake ilikuwa imekwisha. Hadi leo, ikitajwa orodha ya vifaa vilivyochekwa kuliko vyote, N-Gage haikosi.

Lakini zaidi ya miaka 20 baadaye, gemu zake bado zinachezeka. Mtu mwenye simu ya kawaida ya Android, hata ile ya bei ya chini, anaweza kufungua programu moja na kioo chake kikageuka kioo cha N-Gage, na muziki na maandishi ya vita vyake vya kale vyote vikawa mahali pake. Nokia haihusiki na hilo. Wengi wa walioziandika gemu hizo hawahusiki. Nataka tufuatilie zilivyofika hapa, maana safari hiyo ina swali linalotuhusu sisi tunaopenda vitabu na hadithi: kazi ya sanaa ikizaliwa ndani ya mashine, halafu mashine ikafa, nani anabaki na kazi ile?

Simu ya kuongelea kwa ubavu

Tuanze na vichekesho, maana ndivyo vilivyoiua. Spika na maikrofoni ya N-Gage viliwekwa ukingoni mwa simu, siyo usoni. Ukitaka kuongea ilibidi uisimamishe kwa ubavu, ukingo ndio ugusane na sikio, simu yenyewe imechomoza kichwani kama sikio la pili. Wamarekani wakaifananisha na taco, ule mkate mwembamba wa Mexico unaokunjwa na kujazwa nyama. Watu wakaanza kupiga picha wakiwa wameshikilia kila aina ya kitu sikioni kwa ubavu na kuzisambaza mtandaoni. Kwa kifaa kilichotangazwa kama kitu cha vijana wajanja, hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa mchezaji. Gemu zilikuja kwenye memori kadi ndogo, na mahali pa kuchomeka kadi palikuwa chini ya betri. Kubadilisha gemu maana yake uzime simu, ufungue mfuniko, utoe betri, utoe kadi, uweke nyingine, urudishe betri, uwashe simu upya na usubiri. Ni kama redio ambayo kila ukitaka kubadilisha kanda lazima kwanza ung'oe betri zake. Upande wa pili wa barabara Nintendo ilikuwa inauza Game Boy Advance SP kwa dola 100, na kubadilisha gemu kulikuwa kazi ya sekunde mbili.

Kioo nacho kilikuwa na shida yake. Kilikuwa na nukta 176 kwa upana na 208 kwa urefu, yaani kimesimama, kwa sababu hivyo ndivyo simu za wakati ule zilivyokuwa. Gemu nyingi za kukimbia na kuruka zinahitaji kioo kilicholala ili uone kinachokuja mbele. *Sonic N*, ambayo ilitokana na gemu ya Game Boy Advance, ilimbana Sonic kwenye kichochoro: anakimbia kasi ileile, ila wewe unamwona adui akiwa ameshamfikia puani.

Nokia ikatangaza kwamba ndani ya wiki mbili za mwanzo imeuza N-Gage 400,000. Kumbe hizo zilikuwa zimepelekwa kwa wauza maduka, siyo mifukoni mwa watu. Siku 17 baada ya uzinduzi, maduka makubwa ya gemu Marekani yalikuwa yanapunguza bei kwa dola 100. Mwaka 2004 ilikuja N-Gage QD, ambayo ilirekebisha karibu yote: unaongelea usoni kama binadamu wengine, na kadi inachomekwa kwa pembeni bila kugusa betri. Lakini jina lilikuwa limeshaharibika, na QD yenyewe ilinyang'anywa redio na kicheza muziki. Gemu za mwisho za kadi zilitoka mwaka 2006, jumla yake takribani 60.

Hapo ndipo makala nyingi kuhusu N-Gage huishia. Mtu anacheka, anafunga ukurasa. Kinachosahaulika ni kwamba ndani ya umbo lile la kuchekesha kulikuwa na kazi ambazo hazikuwepo kwingine. *Pathway to Glory* ya mwaka 2004, iliyotengenezwa na RedLynx ya Finland, ilikuwa gemu ya mbinu za vita ambayo watu waliweza kuicheza kwa Bluetooth wakiwa chumba kimoja, au kupitia mtandao wa simu wakiwa nchi tofauti, au kwa kupokezana simu moja mkononi. *The Elder Scrolls Travels: Shadowkey* ilijaribu kuingiza mapango na majoka ya mfululizo maarufu kwenye prosesa ya megahezi 104. *Pocket Kingdom* ilikuwa ufalme wa mtandaoni ambamo maelfu walipigana na kuibiana silaha kupitia simu, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa bado tunahesabu herufi za SMS.

Kufuli lililovunjwa mapema

N-Gage haikuwa mashine ya kipekee kama Nokia ilivyotaka tuamini. Ndani yake kulikuwa na Symbian, mfumo uleule uliokuwa kwenye Nokia 7650, 3650 na baadaye 6600. Kwa hiyo gemu ya N-Gage ilikuwa programu ya Symbian iliyofungwa kufuli ili ikubali kufanya kazi ndani ya N-Gage tu.

Kufuli hilo halikumaliza hata mwaka. Kufikia Novemba 2003, mwezi mmoja baada ya uzinduzi, wadukuzi walikuwa wamelivunja. Gemu zikanakiliwa kutoka kwenye kadi, zikageuzwa kuwa mafaili ya kawaida, na zikaanza kucheza kwenye simu nyingine za Symbian. Ukiiangalia kwa jicho la Nokia, huo ulikuwa wizi, na wizi uliokuja wakati mbaya kabisa: kwa nini mtu anunue simu ya kuchekesha kwa dola 299 wakati gemu zake zinacheza kwenye simu anayoiheshimu?

Huku kwetu ndipo kisa hiki kinapopiga hodi. N-Gage yenyewe wengi wetu tuliiona kwenye picha tu. Lakini Symbian tuliijua vizuri. Wa rika langu mnaikumbuka 6600, ile tuliyoikuta imeshapita mikononi mwa watu watatu, mnaikumbuka N70 ya kaka wa mtu fulani, mnakumbuka faili zenye mkia wa “.sis” zikirushwa kwa Bluetooth nyuma ya darasa. “Nirushie” lilikuwa neno kamili, halikuhitaji maelezo. Palikuwa na vibanda vya kujaza nyimbo kwenye memori kadi, na kwenye kompyuta ya kibanda hicho, katikati ya bongo fleva na taarab, palikuwa na folda ya gemu. Zilikotoka hakuna aliyeuliza.

Na palikuwa na mafundi simu. Hawa ni muhimu kuliko wanavyodhaniwa, na nitarudi kwao.

Kuiga mashine iliyokufa

Neno linalotumika kwa programu zinazofufua vifaa vya zamani ni emuleta, yaani programu ya kuiga. Simu yako ya leo haielewi amri zilizoandikwa kwa ajili ya N-Gage. Emuleta inakaa katikati kama mkalimani mahakamani: gemu inasema sentensi yake kwa lugha ya prosesa ya zamani, emuleta inaigeuza papo hapo kuwa lugha ya prosesa ya sasa, jibu linarudi njia ileile. Mara mamilioni kwa sekunde.

Kwa Symbian, emuleta inayojulikana zaidi inaitwa EKA2L1. Ilianza mwishoni mwa muongo wa 2010 ikiwa kazi ya kujitolea, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na inafanya kazi kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Jina lake linatokana na EKA2, kiini cha mfumo wa Symbian wa baadaye, ingawa N-Gage yenyewe inatumia kiini cha kabla ya hapo.

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye prosesa. Prosesa ya N-Gage inafahamika, ni ya jamii ileile ya ARM iliyomo kwenye simu zetu nyingi leo. Ugumu uko kwenye Symbian. Kaseti ya Game Boy inazungumza moja kwa moja na vyuma vya mashine. Ukiiga vyuma umemaliza sehemu kubwa. Gemu ya N-Gage, kwa kuwa ni programu ya simu, kila inachotaka inaomba kwa mfumo: nipe kioo, nipe sauti, nifungulie faili, niambie kitufe gani kimebonyezwa. Maombi ya aina hiyo ni mengi mno, na kila moja lazima lijibiwe jinsi Nokia ilivyolijibu, pamoja na makosa yake. Gemu nyingine zilizoea kosa fulani la mfumo. Ukilisahihisha, gemu inaanguka.

Kwa hiyo EKA2L1 inaandika upya kiini na sehemu kadhaa za mfumo, halafu zilizobaki inazichukua kutoka kwenye simu halisi. Inahitaji nakala ya programu ya ndani ya simu, ile iliyochomwa kiwandani. Bila hiyo haiwaki. Watengenezaji wake hawaisambazi, kwa sababu ni mali ya Nokia. Wewe mwenyewe unatakiwa uitoe kwenye simu yako. Kwenye orodha ya vifaa utakuta majina ambayo mtumiaji wa kawaida hakuwahi kuyasikia: NEM-4 ndiyo N-Gage ya kwanza, RH-29 ndiyo QD.

Mafundi wetu waliyasikia. Misimbo ya namna hiyo ilikuwa lugha yao ya kazi. Simu ikizima kabisa au ikikwama kwenye nembo, fundi alitafuta betri, akaona chini yake imeandikwa aina gani, kisha akaingia kwenye kompyuta yake kutafuta faili la simu hiyo na *kuiflashi*. Ili afanye kazi hiyo alihitaji mkusanyiko wa programu za ndani za kila simu iliyoweza kuingia dukani, na mafundi waligawiana mikusanyiko hiyo kwa CD, kwa flashi, kwa diski ngumu, kuanzia Karachi hadi Lagos hadi Kariakoo. Kwa simu nyingi za Symbian zilizokuja baada ya N-Gage, mafaili ya aina hiyohiyo ndiyo emuleta inayoyahitaji leo. Fundi hakuwa anatunza historia. Alikuwa anatafuta elfu tano yake ya siku. Lakini makumbusho yasingefanya vizuri zaidi.

Aliyenunua na aliyeiba

Kuna sura ya pili ya N-Gage ambayo inasema jambo hili waziwazi kuliko ya kwanza. Mwaka 2008 Nokia ililirudisha jina hilo, safari hii siyo simu bali huduma: unapakua gemu kwenye simu kama N81 au N95, unalipia, unapata msimbo wa kuifungua. Humo ndimo ilimotoka *Reset Generation*, pia ya RedLynx, gemu iliyowataniataniana mashujaa wa gemu za zamani kwa ucheshi ambao bado unachekesha.

Oktoba 2009 Nokia ikatangaza kwamba hakuna gemu mpya tena. Mwishoni mwa 2010 huduma ikafungwa. Sasa tafakari hali ya mteja mwaminifu. Alilipa. Simu yake ikaharibika, akapata nyingine ya aina ileile. Seva ya kumpa ruhusa haipo. Gemu yake imekuwa faili lisilofunguka. Jirani yake, aliyechukua nakala iliyovunjwa kufuli, anaendelea kucheza. Na mtu wa mwaka 2025 anayetaka kujua gemu ile ilikuwaje, ataiona kupitia nakala ya huyo jirani.

Baada ya hapo wenye mali nao walitawanyika. Februari 2011 Nokia iliamua kuachana na Symbian na kuhamia Windows Phone ya Microsoft. Novemba mwaka huo RedLynx ilinunuliwa na Ubisoft ya Ufaransa. Mwaka 2014 Microsoft ilikamilisha ununuzi wa biashara ya simu ya Nokia. Leo ukitaka kununua *Pathway to Glory* kihalali, ikiwa mpya, hujui hata mlango wa kugonga.

Hii haiwahusu Nokia peke yao. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayoitwa Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 haziuzwi tena popote kwa njia ya kawaida. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwafungulia watafiti gemu hizo wakiwa mbali, kama zinavyofanya kwa vitabu vya kidijitali. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa. Emuleta zenyewe ni halali huko, hilo mahakama ya rufaa ililitengeneza mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Kisichokuwa halali ni kile kinachozipa emuleta maana, yaani kugawana gemu zenyewe.

Sitaki kuwavika wadukuzi kanzu ya utakatifu. Walivunja kufuli wakati N-Gage ingali dukani, wakati walioziandika gemu hizo bado wanatafuta riziki kwazo. Kudai kwamba walifanya hivyo kwa ajili ya vizazi vijavyo ni uongo. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hiyo: sheria iliwapa wenye mali haki zote za kutunza na haikuwapa wajibu hata mmoja. Wao wakafanya hesabu, wakaona kutunza hakulipi, wakazima seva. Kilichobaki kilibaki kwa watu ambao hawakuwa na haki yoyote.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kushtuka. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu na mwaka 1840, na mashairi yake mengi yaliendelea kuishi vinywani mwa watu wa mji. Yaliandikwa miongo kadhaa baadaye, pale Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kumpa mmisionari William Taylor. Diwani ikachapishwa mwaka 1940. Ushairi wa zamani tulionao ni ule ambao mtu fulani aliukariri au kuunakili bila kuombwa na bila kulipwa. Tofauti ni kwamba shairi la Muyaka halikuwa na kufuli. Aliyelipenda alilibeba.

Kisichoigika

Nimezicheza baadhi ya gemu hizi kwenye simu yangu, na ni haki niseme pia kinachokosekana.

Kwanza ni vidole. Kwenye N-Gage vitufe vikuu vya gemu vilikuwa namba 5 na 7, vilivyoinuliwa kidogo kuliko wenzao ili dole gumba livipate bila kuangalia. Emuleta inakuchorea 5 na 7 juu ya kioo. Kioo hakina kingo. Unabonyeza hewa, na baada ya dakika kumi unaelewa kwamba gemu hizi zilitungwa kwa mkono fulani, kama ngoma inavyotungwa kwa ngozi fulani. Kwa upande mwingine, kubadilisha gemu sasa ni mguso mmoja. Lile kero la betri, ambalo lilikuwa sehemu ya kuwa na N-Gage, limefutika kabisa, na mtoto anayecheza leo hatajua kwa nini wazee walikuwa wanacheka. Emuleta imekuwa na huruma kwa N-Gage kuliko historia.

Pili ni watu. *Pocket Kingdom* inawaka. Utaona picha zake, utasoma utani wake. Kisha inatafuta seva, na seva haipo. Ule ufalme ulikuwa kwenye kompyuta za kampuni, na wadukuzi wa 2003 hawakuwa na namna ya kunakili kitu ambacho hakikuwahi kuwa kwenye kadi. Ni kama kubaki na jukwaa la tamthilia, mapazia na taa vyote viko sawa, waigizaji wameshaondoka na maneno yao. Na gemu nyingi tunazocheza siku hizi zimejengwa kwa namna ya *Pocket Kingdom*, siyo kwa namna ya *Shadowkey*. Sehemu kubwa iko kwenye seva ya mtu. Siku ikizimwa, hakuna fundi wala mdukuzi atakayekuwa na nakala.

Kuhusu zile zilizokuwa kwenye kadi, muda nao haujasimama. Memori kadi hutunza data kwa chaji ndogo ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole mwaka hadi mwaka. Simu nyingi za enzi ile zimelala kwenye makabati ya watu, pamoja na gemu, SMS, picha za harusi na sauti za watu ambao hawapo tena. Kama una 6600 au N70 ya namna hiyo nyumbani, na chaja yake bado ipo, ichaji wikendi hii. Ikiwaka, toa kadi yake, mpelekee mtu mwenye kompyuta, mwambie akunakilie kila kilichomo.